Mvinyo Usioacha Mtungi

Majuma machache yaliyopita tulikuwa darasani tukisoma kifungu cha ufahamu kuhusu Misri ya kale. Kifungu kilitaja makaburi ya wafalme na mitungi ya mvinyo iliyozikwa pamoja nao. Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, Wamisri walikuwa na mvinyo, Wagiriki walikuwa na mvinyo, Waajemi vilevile. Sisi tulikuwa na nini?" Kabla sijafungua kinywa, mwenzake wa nyuma akamjibu, "Sisi tulikuwa na urwagwa." Darasa zima likaangua kicheko.

Nimekifikiria sana kicheko kile. Hawakucheka kwa sababu jibu lilikuwa la uongo. Walicheka kwa sababu walihisi kwamba vitu hivyo viwili havistahili kutajwa katika sentensi moja. Mvinyo ni wa makumbusho, urwagwa ni wa nyuma ya nyumba kijijini. Makala haya nimeyaandika kwa ajili yao, na kwa ajili yako msomaji ambaye pengine ungecheka pamoja nao. Sikusudii kumhimiza mtoto yeyote aonje kinywaji ambacho umri wake haumruhusu. Nataka tuulize swali la kihistoria: je, tunajuaje kwamba watu wa kale walikunywa kitu fulani? Na je, pale ambapo ardhi imenyamaza, tuna haki ya kusema kwamba hapakuwa na kitu?

Tuanze na wale waliobahatika kuacha ushahidi. Mwaka 1968, katika kijiji cha kale kiitwacho Hajji Firuz Tepe, kaskazini-magharibi mwa Irani, mwanaakiolojia Mary Voigt alifukua nyumba ya udongo yenye chumba kilichoonekana kuwa jiko. Kando ya ukuta mmoja, ndani ya sakafu, palikuwa na mitungi sita iliyopangwa, kila mmoja wa ujazo wa lita tisa hivi. Ndani ya baadhi yake mlikuwa na ukoko wa rangi ya manjano. Ilipofika mwaka 1996, mwanakemia Patrick McGovern na wenzake wakatangaza kwamba ukoko huo una mabaki ya tindikali ya tataraki, ambayo zabibu huwa nayo kwa wingi, pamoja na utomvu wa mti uliotiwa ili kinywaji kisigeuke siki. Umri wa mitungi hiyo ni kati ya mwaka 5400 na 5000 KK. Baadaye, mwaka 2017, kikundi alichokuwamo McGovern huyo huyo kikaisogeza tarehe nyuma zaidi. Katika vilima viwili vya Georgia, kusini mwa mji wa Tbilisi, vigae vya miaka ya 6000 hadi 5800 KK vilikutwa na alama hizo hizo. Nako Armenia, ndani ya pango la Areni, pamepatikana karakana nzima ya miaka 4000 KK hivi: sakafu ya kukanyagia zabibu, chombo cha kupokelea maji yake, na mbegu na makapi yaliyokauka.

Misri ilikwenda mbali zaidi, kwa sababu Misri ilikuwa na makarani. Howard Carter alipolifungua kaburi la Tutankhamun mwaka 1922, alikuta mitungi ya mvinyo iliyoandikwa kwa wino mwaka wa utawala ambao zabibu zilivunwa, shamba zilikotoka, na jina la mkuu wa wakamuaji. Hebu lifikirie hilo: mfanyakazi wa shambani aliyeishi miaka zaidi ya 3300 iliyopita tunamjua kwa jina, kwa kuwa tu bwana wake alitumia mtungi wa udongo na karani alikuwa na kalamu. Mwaka 2004 watafiti wa Uhispania wakachunguza mabaki katika mitungi ya kaburi hilo, na katika mmoja wakathibitisha kwamba mvinyo ule ulikuwa mwekundu.

Utaona kwamba mzabibu una bahati tatu. Tunda lake lina tindikali isiyopatikana katika matunda mengi. Lina mbegu ngumu ambazo zikiungua hudumu maelfu ya miaka. Na watu waliolikamua walihifadhi maji yake katika vyombo vya udongo uliochomwa, ambao hauozi wala hauliwi na mchwa.

Hata bahati hiyo ina mipaka yake, na hapa nawaomba ndugu zetu wa pwani wanisikilize. Tindikali ya tataraki imo pia katika ukwaju, tena kwa wingi sana, na imo katika ubuyu. Kwa hiyo mtungi wa kale ukifukuliwa katika pwani ya Waswahili ukakutwa na alama hiyo, mtu asikimbilie kusema kwamba hapa palinywewa mvinyo wa Uajemi. Huenda mama mmoja alilowekea humo ukwaju wa mchuzi. Kipimo kilichotungwa kwa ajili ya nchi za mizabibu hakiwezi kupelekwa kila mahali bila kukipima chenyewe kwanza.

Na mvinyo wa zabibu ulifika kwetu Afrika Mashariki zamani sana. Katika karne ya kwanza BK, mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki aliyeishi Misri aliandika kitabu cha mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, kijulikanacho kama Periplus. Anapoieleza pwani ya Azania na soko lake la Rhapta, ambalo wataalamu wengi huliweka katika pwani ya Tanzania ya leo, anataja mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo vilivyoletwa kuuzwa. Kisha anaongeza jambo la ajabu: mahali pengine huko wageni walileta mvinyo na ngano kwa wingi, si kwa biashara, bali kwa kukirimu, ili wenyeji wawapende. Mtu huleta zawadi ya kinywaji kwa watu wanaojua maana ya kukaribishwa kwa kinywaji. Sidhani kwamba watu wa Azania walifundishwa kunywa na mabaharia hao. Naona mabaharia ndio waliojifunza kwamba huku mazungumzo hayaanzi koo likiwa kavu.

Sasa tupande kutoka pwani hadi kwenye vilima vyetu, tuufuate urwagwa kwa njia ile ile waliyoifuata wataalamu wa Georgia.

Kwa msomaji asiyeufahamu, urwagwa ni kinywaji cha ndizi, ndugu wa rubisi ya Wahaya na jamaa wa mbege ya Wachaga. Wazungu waliufasiri kuwa ni bia ya ndizi, na sisi tukaipokea tafsiri hiyo bila kuihoji. Lakini bia asili yake ni nafaka, ilhali mvinyo asili yake ni maji ya tunda yaliyochachuka. Urwagwa ni maji ya tunda yaliyochachuka, yakiongezewa unga kidogo wa mtama uliokaangwa. Kwa haki, basi, uko karibu na mvinyo kuliko bia. Nasema hivyo si kwa kutafuta sifa. Nasema kwa sababu neno lililochaguliwa liliamua pia rafu ambayo kinywaji hicho kingewekwa katika historia.

Utengenezaji wake ni huu. Ndizi mbichi zilizokomaa hukatwa. Huchimbwa shimo, ambalo kwa Kinyarwanda huitwa urwina, likapashwa moto kwa kuchoma majani makavu, likatandikwa majani mabichi ya migomba, na ndizi zikazikwa humo siku kadhaa hadi ziive zote kwa pamoja. Hufukuliwa, humenywa, kisha hutiwa katika umuvure, yaani kihori kirefu cha mti uliochongwa mfano wa mtumbwi, na kukandwa kwa nyasi ziitwazo ishinge. Nyasi hizo hushika nyama ya tunda na kuyaachia maji yake. Maji hayo matamu, umutobe, huchujwa na kuchanganywa na maji ya kawaida na ule unga wa mtama, kisha hufunikwa kwa majani ya migomba mahali penye joto. Baada ya siku chache kinywaji kimekuwa tayari. Hupakuliwa kwa kibuyu na kunywewa kwa umuheha, ambao ni mrija wa utete.

Haya, mwite mwanaakiolojia aje baada ya miaka elfu moja na mia tano. Atakuta nini? Umuvure ni mti, mchwa wameumaliza. Nyasi zimeoza. Kibuyu kimeoza, mrija umeoza, majani ya kufunikia yalioza msimu ule ule. Ndizi tunazolima hazina mbegu, kwa hiyo hakuna cha kuungua na kudumu. Tindikali zilizomo katika ndizi zimo katika matunda mengine mengi, hivyo hata kama chungu kingetumika na mabaki yakapatikana, yasingetaja jina la mgomba kwa uhakika ambao tataraki huutaja mzabibu. Shimo litabaki, ndiyo: duara la udongo mweusi lenye majivu na makaa. Lakini shimo lenye majivu laweza kuwa la taka, la kuchomea vyungu, au la kitu kingine chochote. Kazi ya mikono iliyohitaji ujuzi wa joto, wa kipimo na wa muda imefutika yote kwa usafi kamili.

Nasema yote, lakini mgomba wenyewe huacha alama moja ndogo mno. Ndani ya majani yake mmejengeka chembe za silika ziitwazo fitolithi, zenye umbo linalofanana na mlima wa volkeno uliokatwa kilele. Jani huoza, chembe hubaki udongoni. Kwa chembe hizo watafiti wameutambua mgomba huko Nkang nchini Kamerun, katika mashimo ya milenia ya kwanza KK. Mwaka 2006 kikundi kingine kilitangaza chembe kama hizo kutoka Munsa, magharibi mwa Uganda, katika tabaka za zamani zaidi, na wataalamu wamebishana juu ya tarehe hizo tangu siku ile. Hata ushahidi huo ukikubaliwa wote, unachosema ni kwamba mgomba ulikuwapo. Hausemi kama ndizi zilipikwa au zilikamuliwa.

Rwanda yetu ina vyungu vya kale, tena vya kupendeza. Mwaka 1948, Mary Leakey na wenzake walichapisha maelezo ya vyungu vya magharibi mwa Kenya vyenye kishimo kidogo kitakoni, kana kwamba mfinyanzi alikibonyeza kwa kidole gumba. Leo aina hiyo huitwa Urewe, kwa jina la mahali vilipopatikana. Hapa kwetu, Jean Hiernaux na Emma Maquet walivieleza vyungu vya jamii hiyo katika miaka ya 1950, wakavitenga na vile vilivyokuja baadaye vilivyopambwa kwa kuviringishiwa kamba iliyosokotwa. Na huko Kabusanze, kusini mwa nchi, kaburi la mnamo mwaka 400 BK lilifukuliwa pamoja na vyungu vya Urewe. Matokeo yake yalichapishwa na John Giblin na wenzake mwaka 2010. Aliyezikwa Kabusanze aliishi katika karne ile ile ambayo dola la Roma lilikuwa likiyumba. Waliomzika walimwekea vyungu. Watu hawamsindikizi marehemu kwa vyombo ambavyo havikuwa na maana mezani pake.

Pale ambapo udongo umekataa kusema, lugha imesema kidogo. Mwanahistoria David Schoenbrun, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu eneo la Maziwa Makuu, alilinganisha msamiati wa lugha zetu za Kibantu ili kufuatilia jinsi kilimo kilivyobadilika. Mwalimu wa lugha hawezi kuupita ushahidi wa namna hii bila kusimama. Sisi husema igitoki, Waganda husema amatooke, Wahaya husema ebitoke: mzizi mmoja katika nchi tatu. Ongeza ukweli kwamba migomba ya nyanda zetu za juu ina makumi ya aina zenye majina yake, nyingine za kupika na nyingine za kukamua, na kwamba aina hizo zimekulia huku huku. Mgomba hauzai kwa mbegu. Kila aina mpya ilitokea kwa bahati katika shamba la mtu, na mtu huyo akaitambua, akaihamisha chipukizi, akampa jirani. Kutenga ndizi ya pombe na ndizi ya chakula ni kazi ya vizazi vingi vya watu waliokuwa wakionja kwa makini.

Ukitaka kuona mfano wa macho wa haya nisemayo, nenda Nyanza, kwenye makumbusho ya Rukari, ambako nyumba ya mfalme ya mtindo wa kale imejengwa upya kwa miti na nyasi. Nyuma ya nyumba hiyo kubwa ya msonge kuna vibanda viwili, kimoja cha maziwa na kimoja cha pombe, kila kimoja na mtunzaji wake. Kibanda cha pombe cha mfalme ni taasisi ya dola, sawasawa na ghala la mvinyo la Farao. Ila ghala la Farao lilikuwa na mitungi yenye maandishi. Kibanda cha Nyanza kikiachwa, baada ya karne mbili kitabaki duara la matundu ya nguzo.

Na si mvua na mchwa peke yao waliofuta. Mwaka 1900 Mapadri Weupe walifungua misheni ya Save, na pamoja na misa likaja neno divayi, ambalo Kinyarwanda kililipata kwa Wafaransa kama Kiswahili kilivyopata mvinyo kwa Wareno. Kanuni ya Kanisa huitaka misa itumie mvinyo wa zabibu tu, na hilo ni jambo la imani ambalo siligusi. Nataja tokeo lake la kijamii: kwa mara ya kwanza kulikuwa na kinywaji cha madhabahuni na kinywaji cha kijijini, na wote tulijua kipi ni kipi. Kisha mwaka 1925 watawala wa Kibelgiji wakampeleka uhamishoni Burundi Gashamura, mkuu wa abiru, waliokuwa watunzaji wa siri na taratibu za ufalme, na sherehe ya Umuganura ikapigwa marufuku. Umuganura ulikuwa siku ya malimbuko, ambapo mtama na ulezi wa kwanza ulipelekwa kwa mfalme kabla nchi haijala. Taratibu zake zilihifadhiwa kichwani, kwa maneno yaliyokaririwa neno kwa neno. Ukimhamisha mtu wa namna hiyo, umehamisha kitabu, na pengine ndiyo nakala pekee.

Umuganura umerudi. Leo huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Agosti, na ni siku ya mapumziko kwa taifa zima. Tunayo pia Sheria namba 28/2016 ya tarehe 22/07/2016, inayohusu uhifadhi wa urithi wa utamaduni na maarifa ya jadi. Wengi wakisikia urithi hufikiria ngoma na majengo. Soma jina la sheria hiyo tena: maarifa ya jadi. Anayejua urwina unafunikwa siku ngapi wakati wa mvua na siku ngapi wakati wa kiangazi anayo maarifa ya jadi. Wageorgia, ambao huchachusha mvinyo wao katika mitungi mikubwa iliyozikwa ardhini, walipeleka ujuzi huo UNESCO, ukaandikwa katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2013. Sisi tuliandikisha Intore mwaka 2024, na nilifurahi kama mtu mwingine yeyote. Shimo letu la ndizi halijafika huko, na sioni sababu lisifike, maadamu wanaojua kulichimba bado wapo.

Raia anaweza kufanya nini? Kigali inachimbwa kila siku, misingi ya nyumba, barabara, mabomba. Ukikuta vigae vyenye mapambo usivirushie kifusi. Viache vilivyo, piga picha, na utoe taarifa kwenye ofisi ya umurenge au kwa Inteko y'Umuco. Kigae kilichoondolewa mahali pake bila maelezo hupoteza zaidi ya nusu ya ushahidi wake. Na kwa yale yasiyoacha kigae, chombo tulicho nacho ni daftari.

Ndiyo kazi niliyowapa wanafunzi wangu wiki ile. Waende wakaulize nyumbani, waandike majina ya vyombo, ya nyasi, ya aina za ndizi, na hatua zote kwa mpangilio. Baadhi yao walinijia kwa sauti ya chini baada ya kipindi kunieleza kwamba hawana wa kumwuliza. Wazee wa koo zao waliuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Nilikuwa nimetoa zoezi bila kulifikiria hilo, na niliona aibu. Tukakubaliana wafanye kazi wawili wawili, mwenye bibi amchukue asiye na bibi.

Yule aliyejibu kutoka nyuma akaleta kurasa nne. Alikuwa ameandika aina sita za ndizi ambazo mimi mwenyewe nilizijua mbili tu, na jina la kila sehemu ya shimo. Bibi yake alimwambia pia kwamba anayekaribisha hunywa kwanza, ndipo ampe mgeni, ili mgeni aone kwamba hakuna sumu. Nikamwuliza kama umuvure bado upo. Akasema upo, ameuona kwa macho yake, uko uani chini ya mwembe. Una ufa upande mmoja, na ndama ndio wanaounywea maji.